Mkasi Ananinyonya Chaji

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Simu imeamka na maneno mengi. Inataka kujiapdeti, sijui iboreshe nini, maandishi marefu kama barua ya mahakama. Chini kuna kitufe cha kukubali. Mimi mtu akiniomba vizuri kukataa siwezi. Nikakubali. Yakaja mengine. Nikakubali. Nikakubali yote mpaka kidole kikachoka. Simu ikazima, ikawaka, sura mpya kabisa, kama bibi harusi!

Nikaenda nayo ukumbini kuringa. Tuko kumi na nne mle ndani, mafundi cherehani na mpiga pasi mmoja. Meza yangu ndiyo ya mwisho, jirani na choo, chini ya taa inayokonyeza. Kutunga uzi kwenye sindano hapo ni vita, na macho yangu haya ya siku hizi. Juzi nilimshonea mteja mfuko wa suruali nikaufunga na juu. Mkono hauingii. Kachukia.

Ila Jumamosi tunachagua kiongozi wa ukumbi, na kiongozi ndiye anayechagua meza. Naitaka ile ya mlangoni! Jua lote linaingia pale. Halafu kila anayepita unamwona, kavaa nini, yuko na nani. Mpinzani mmoja tu: Mkasi, fundi wa magauni, mwembamba, hacheki. Kazi yake safi, sikatai. Lakini kazi safi siyo kampeni.

Saa tano simu chali. Imezima! Na asubuhi niliichomoa imejaa pomoni.

Jumanne, tarehe 7

Nimezungukwa! Hata mdomo sijafungua, fundi wa mashati kasogeza kiti chake kwangu. Mara mama wa mapazia. Mara mapacha wanaotoboa matundu ya vifungo. Kufika saa nne wako tisa. Nikawapa ile habari ya jirani yangu na mumewe na kabati. Wamecheka! Wengine wamecheka kabla sijafika penye kuchekesha, hapo ndipo unajua habari imekolea. Hawanitazami usoni, wote wameinamia simu zao. Heshima hiyo.

Tisa kati ya kumi na nne. Meza ya mlangoni nishaanza kuifuta vumbi kichwani.

Simu imezima saa nne na nusu, ya moto kama pasi. Na hapo hapo watu wote wakakumbuka kazi zao.

Jumatano, tarehe 8

Siri nimeipata. Babu Mvuke, mpiga pasi wetu, kasema siku hizi vitu vinapita hewani kutoka simu moja kwenda nyingine. Picha zinapita, nyimbo zinapita. Nikamuuliza, na chaji je? Akawaza, akasema haoni cha kuizuia. (Yeye simu yake ni ya tochi, lakini ni mtu mzima.)

Basi! Simu ya Mkasi haizimi. Jana jioni nilijifanya naenda kuomba chaki, nikachungulia: asilimia sabini! Anaitoa wapi? Kwangu!

Nikatafuta kopo la bati la biskuti, nikatumbukiza simu, nikazungusha foili ya jikoni mara tatu. Hewa isipite. Haikuchukua dakika tano, watu wangu wakaanza kuinua simu zao juu, kuzitikisa, kusonya, mmoja mmoja huyo kwenye meza yake. Habari ya mchumba wa mwalimu nimemalizia kuusimulia ukuta.

Saa sita nafungua kopo: asilimia nane! Yaani ananinyonya mpaka ndani ya bati. Huyu mwanamke si mchezo.

Nikaiweka mezani. Wakarudi mbio. Wananipenda jamani, mpaka naona haya.

Alhamisi, tarehe 9

Leo nimemkabili. Mbele ya watu wote nimemwambia Mkasi anirudishie chaji yangu. Alikuwa na pini sita midomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto, kisha ndiyo akasema:

"Dada, unanyonywa kweli. Ila siyo na mimi. Waulize hao mashabiki wako."

Mashabiki wangu wakaanza kukohoa. Wote kwa pamoja. Vumbi la vitambaa hilo. Mimi nikaona wivu mtupu, nikamwambia hivyo hivyo.

Jioni nikapitia kwa mpwa wangu, binti wa kaka, anayeuza makava ya simu na kuzitengeneza. Mtoto mgongoni kalala. Akabonyeza, akabonyeza, akacheka mpaka mtoto akaamka. Anasema nilipokubali yale maneno yote, nimewasha kila kitu. Waifai inatafuta mtandao kutwa. Bulutuuthi inaita kila simu inayopita. Na kubwa kuliko yote, hotspoti iko wazi, haina neno la siri, inagawa intaneti yangu kwa yeyote aliye karibu. Ndiyo inayokula chaji. Na kwenye kopo simu ilikosa mtandao, ikawa inautafuta kwa nguvu zake zote, ndiyo ikaishiwa.

Nikamwambia mbona wanacheka habari zangu.

"Shangazi, hawakusikilizi. Wanaangalia vichekesho kwa bando lako."

Akazima kimoja kimoja. Kitufe cha hotspoti akanionyesha, akasema hicho nisikiguse kabisa.

Njia nzima nimerudi kimya. Mimi! Kimya!

Ijumaa, tarehe 10

Saa sita mchana, chaji asilimia tisini. Mezani niko mimi, taa na choo.

Habari ya mwenye duka la viatu, habari ya mwaka, nimelisimulia sanamu la kupimia magauni. Mkasi akapita, akaona nahangaika na uzi, akachukua sindano, akatunga, akanirudishia. Akaenda zake. Karibu nilie.

Halafu wazo likaja! Nalia nini? Wanataka intaneti, mimi ninayo. Kupendwa nitapendwa nikishakaa mlangoni. Sasa hivi nahitaji mikono ya kura tu. Nikakigusa kile kitufe. Ila safari hii nimeweka neno la siri, na nampa yule tu anayeahidi kura. Neno lenyewe: mezayangu.

Nimemnong'oneza fundi wa mashati peke yake. Na mama wa mapazia, maana aliniuliza vizuri. Na mapacha. Kufika saa tisa Babu Mvuke anapiga pasi huku anaimba mezayangu, mezayangu.

Wote tisa wamerudi, wote wameahidi. Tisa!

Jumamosi, tarehe 11

Siku yenyewe. Nimenunua bando kubwa kuliko yote. Simu nimeichomeka ukutani isije ikaniaibisha. Watu wangu tisa wamejipanga kwangu, vipokea sauti masikioni. Nusu wako kwenye mpira, nusu kwenye mwisho wa ile tamthilia.

Mwenye jengo kasimama kuhesabu kura. Wanaomtaka Mkasi, mikono juu. Mitatu tu! Babu Mvuke, mzee wa suti na bibi wa kudarizi, hao hao wasiokuwa na simu za maana. Mkasi mwenyewe hakunyoosha, kaona aibu.

Wanaonitaka mimi, mikono juu.

Hakuna mkono.

Nageuka, vichwa tisa vimeinama kama wako kwenye dua. Nikakohoa. Nikasema jamani. Mama wa mapazia akaniambia nishushe sauti, yule msichana ndiyo anamtambua baba yake. Mwenye jengo akahesabu sifuri. Akaandika. Yeye akishahesabu harudii.

Mkono wangu mwenyewe je? Mikono yangu yote miwili ilikuwa inamwandikia pacha mmoja neno la siri, alikuwa kalikosea.

Hapo hapo fundi wa mashati akaruka juu kwa furaha. Nikadhani amenikumbuka. Goli.

Jumatatu, tarehe 13

Mkasi kahamia mlangoni. Nikawa nimeinamia pindo, sitaki kuona. Akaja akasimama mbele yangu.

"Ile meza ni pana. Leta cherehani yako."

Nimehamia! Jua mpaka kwenye vidole. Uzi nimetunga mara moja tu. Na wapita njia! Kabla ya saa nne nimeshajua mambo ya watu sita.

Nimekaa nikatafakari kwa nini nilishindwa. Jibu liko wazi: intaneti ilikuwa inakatakata, watu wakashindwa kutulia wapige kura. Mpwa wangu anacho kile kisanduku chenye antena kinachogawia simu hamsini intaneti. Nimekiagiza. Mazoezi nimeshaanza: fundi viatu wa ng'ambo ya barabara nimempa neno la siri. Hapigi kura kwetu, lakini alinisalimia vizuri.

Mwakani naichukua meza nzima. Nimemwomba Mkasi anisimamie kampeni, maana ana watu wake watatu waaminifu. Bado hajanijibu, anapima kola.