Waya wa Bi Mwantum

Nasri aliipata habari kwa kinyozi, povu limemjaa shavuni. Bi Mwantum, mwenye ofisi ya kupiga chapa na duka la asali pale Singida mjini, alikuwa na kompyuta mbili za mtumba, moja chumba cha mbele na moja cha nyuma, zilizoungwa kwa waya, nazo hazisemezani. Dar es Salaam walimwambia programu ya kuziunganisha ni ya zamani, haiuzwi tena, anunue kompyuta mpya. Bi Mwantum hakuwa mtu wa kununua vipya wakati vya zamani bado vinawaka.

Nasri akasahau hata ndevu za shavu la pili. Soko lilikuwa huria, kila mtu anauza kitu, naye alikuwa na disketi moja tupu na shida moja kubwa. Mzee Abdulazizi, mnunuzi wa asali kule Manyoni, alimwambia asirudi kumposa binti yake Rahma mpaka aje na madebe mawili ya asali aliyoyapata kwa jasho lake. Na Nasri alimpenda Rahma kweli. Katika maneno yake yote, hilo tu halikutiwa chumvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Programu yako ninayo. Na fedha sitaki. Madebe mawili ya asali ya msitu wa Mgori, niyapakie basi la Manyoni, yanatosha."

"Kwanza niione ikifanya kazi."

Nasri aliomba aachwe peke yake chumba cha nyuma, ati ailainishe mashine. Huko akaandika: Shikamoo Bi Mwantum. Akarudi chumba cha mbele, akaandika maneno yale yale mbele ya macho ya mama, akabonyeza kitufe kwa heshima zote za mgeni rasmi anayezindua bomba la maji.

"Nenda kaone, imefika."

Bi Mwantum akaenda, akakawia. Nasri alisikia vitufe vikigongwa kule nyuma, ila akili yake ilishafika Manyoni. Mama aliporudi alikitazama kioo cha kompyuta ya mbele kwa muda.

"Huku hakijaja kitu?"

"Kije nini tena, mama? Si umeiona kwako?"

"Nimeiona," alisema kwa upole. "Niachie hiyo disketi. Kesho asubuhi uje uchukue asali."

Kulipokucha Nasri alichovya kidole kwenye kila debe, akalamba, akaridhika. Akapanda basi la Manyoni.

Mzee Abdulazizi hakuchovya kidole. Mnunuzi wa asali huzamisha kijiti mpaka chini, hata debe likiletwa na mkwe. Kijiti kikagota. Chini ya masega machache ya juu yalishindiliwa mashudu ya alizeti, na ndani ya mashudu kulikuwa na disketi iliyofungwa vizuri kwenye nailoni. Mzee akavaa miwani, akausoma kwa sauti mwandiko uliokuwa juu yake:

"Marahaba, mwanangu. Jibu lako lilikwama kwenye waya, nikaona nilipakie basi."

Nyuma ya pazia Rahma akacheka. Nasri aliuthamini mno mcheko ule, na siku hiyo ulimchoma mpaka moyoni.

Mzee akaigeuza disketi mkononi, taratibu.

"Huyu mama," aliuliza, "ana mtoto wa kiume?"