Nambari ya Baba Ilipofika Saba

Leo nimeaibika, tena kwenye msiba wa baba yangu mwenyewe. Nawaandikia nyie wenzangu wa sokoni Murongo, maana lori lenu halikupata dizeli, na habari hii itawafikia tu. Bora muipate kwangu.

Baba alikuwa na nambari yake, 142857. Alikuwa akiichora kwa kidole kwenye kahawa iliyoanikwa, kisha anaizidisha. Kwa mbili, 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu ni zilezile, zimehama viti tu. "Huu ndio ukoo," ananiambia. "Zidisha utakavyo, hakuna anayetoka." Tukimaliza sita, ananituma kugeuza kahawa. Miaka yote hiyo sikuwahi kujaribu saba. (Mvivu wa kahawa, mvivu wa hesabu.)

Baba mkubwa, kaka yake, alikuwa akisema nambari hiyo ni dalili ya wazimu. Ilimuuma baba. Alipozidiwa aliniomba kitu kimoja: "Siku yangu ikifika, waonyeshe."

Leo tumemzika hapa Igurwa. Watu wamekaa kwenye nyasi zilizotandazwa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, kila mtu anamsimulia marehemu. Zamu yangu ikafika. Nikachukua ubao uliobaki jeneza lilipotengenezwa, na kipande cha mkaa. Nilitaka, kwa siku moja tu, wamwone baba kama nilivyomwona mimi. Mbili ikakubali. Tano, 714285, wazee wakaanza kusogea. Hapo kichwa kikanivimba. "Tajeni yoyote. Hakuna atakayetoka."

"Saba," akasema shangazi kutoka mlangoni. "Si mmezaliwa saba?"

Nikazidisha. 999999.

Nikafuta kwa kanga, nikazidisha tena. Tisa tupu. (Kanga ya watu, nimeiazima.)

"Ukoo umekwenda wapi?" akauliza baba mkubwa.

"Nimekosea hesabu," nikasema. Makaburini sikulia. Nikaja kulilia tisa, mbele ya kijiji kizima, nikijiona nimemzika baba mara ya pili.

Ndipo nikasikia mtu anacheka ndani. Ni mama. Tangu baba akate roho alikuwa hajala wala kusema neno.

"Hujakosea, mwanangu," akasema. "Ikifika saba ndivyo inavyokuwa. Alipokuja kuposa alinitega kwa hiyohiyo saba, nikaumbuka mbele ya wazazi wangu. Saba ya kwako alisema anaitunza hadi siku yake."

Baba mkubwa akauvuta ubao, akazidisha mwenyewe polepole, akaziangalia zile tisa. "Mimi hakuwahi kunionyesha," akasema, akajifunika uso kwa kofia. Mama akacheka hadi kicheko kikawa kilio, tukalia naye sote. Alipotulia akaomba uji.

Njooni mtoe pole. Anayetaka kucheka akae upande wa mama.