Tisa kwa Ajili Yake

Jumatatu, 3 Machi

Bado yuko tawi la mlimani, yule binti wa ofisini kwetu. Walisema anahamishiwa huko kwa muda tu. Kwa muda! Kiti chake kimeshawekewa maboksi ya karatasi. Nikikitazama moyo unanyong'onyea.

Namba yake ya simu sina. Siku anaondoka nilipanga kuiomba. Nikafika mezani kwake, nikaazima mkasi. Kilichobaki ni taarifa za kazi anazotutumia kila siku kwenye mfumo wa ujumbe wa shirika letu la maji. Mwishoni huongeza neno lake: huku baridi, au nani anakunywa chai yangu. Hilo neno ndilo linaloniweka mjini.

Tatizo: ujumbe wote, wake na wa wateja, huingia foleni moja. Aliye huru anachukua unaofuata. Leo wake umemwangukia Tai, yule wa dawati la wateja anayefunga tai hata jua likiwa kali. Kacheka kwa sauti, kajibu papo hapo. Nikamuuliza kaandikiwa nini. Eti mambo ya kikazi. Mambo ya kikazi, na meno yote nje!

Jumanne, 4 Machi

Bahati imenishukia! Bosi, mama asiyependa maneno mengi, kaniita. Kasema mabomba yanapasuka huku sisi tunajibu wanaoulizia bili. Mimi wa mitambo nipange upya foleni: kila aina ya ujumbe ipewe namba, moja hadi tisa, ya dharura itangulie.

Nikamwambia hiyo kazi ndogo. Aliyetuuzia mfumo alituachia maelekezo marefu, lakini ya nini? Kubwa ni kubwa tu. Pongezi nikazipa moja, maana nani anatupongeza sisi? Bili, mbili. Mabomba, tatu. Tawi la mlimani: TISA! Tena zije kwangu moja kwa moja. Tai atajua hajui.

Nimerudi nyumbani naimba. Shangazi, ninayeishi naye, kaniuliza kama nina homa.

Jumatano, 5 Machi

Hakuna. Nimekodolea kompyuta macho kutwa nzima, hata chooni nimekwenda mbio. Hakuna! Mwalimu mmoja mstaafu katushukuru kwa maji ya bafuni kwake, ujumbe wake ukatangulia mbele ya wote. Nilishangaa kidogo. Baada ya hapo bili, bili, bili.

Amenisahau. Au kapata mtu huko, fundi fulani mwenye pikipiki. Nimemkumbuka mpaka kifua kinauma.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Nimevaa shati jipya, sijui kwa ajili ya nani. Tai naye hana habari zake, kaja kuniuliza mimi. Nikamjibu kwa madaha kwamba ni mambo ya kikazi.

Bomba limepasuka karibu na soko. Wauza viatu wamekimbiza mali yao juu ya meza, na ujumbe wao umetufikia jioni! Bosi kaja juu. Nikasingizia mtandao. Mtandao haujawahi kujitetea.

Shangazi kaniambia nipande basi nimfuate, kwani huko mlimani ni mbali? Nikamweleza kwamba siku hizi mambo hayaendi hivyo, sisi tuna mifumo. Kanisonya.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu iliyoje! Bosi kampigia muuzaji wa mfumo, ofisi nzima inasikia. Yule bwana akasema, huku anacheka, kwamba moja ndiyo ya kwanza na tisa ya mwisho. Tena ujumbe wa tisa hausogei mpaka wote ulio mbele yake uishe. Na kwetu bili zina mwisho? Bosi akamwagiza ageuze, tisa itangulie na moja iwe ya mwisho, kwa sababu ya watu kama mimi. Akatutangazia mara mbili. Sikumsikiliza sana, kwa kuwa ujumbe wa mlimani ulikuwa umeanza kumiminika.

Jumanne: huku kimya, anakosa kelele zetu. Jumatano: wewe wa mitambo, nimeambiwa nikitaka nibaki huku moja kwa moja, unaonaje? Mimi! Kaniuliza mimi! Alhamisi: anangoja, neno moja tu linatosha. Leo asubuhi: amesaini. Fomu inaondoka Jumatatu saa sita mchana. Kabla ya hapo anaweza kuirudisha, kama yupo mwenye sababu.

Nimekwenda stoo, nikalia katikati ya mita mbovu.

Jumamosi, 8 Machi

Shangazi kanipigia pasi suruali, kanisindikiza hadi barabarani, basi lile pale. Nikamwambia nakwenda. Nikaenda ofisini.

Nimeandika: Rudi. Nakupenda. Ujumbe wa kwenda matawini hupita foleni ile ile, kwa hiyo nikaupa namba moja. Muuzaji mwenyewe alisema, moja ndiyo ya kwanza. Sikosei mara mbili, mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Taarifa yake imeingia asubuhi, mbele ya kila kitu. Mita zilizosomwa, mabomba yaliyozibwa. Mwishoni hakuna neno.

Saa sita imepita.

Wanawake, jamani! Unamfungulia mtu moyo wako wote, hata kukujibu hakujibu. Nimeandika mwingine, mrefu zaidi. Nao nimeupa moja.