Ekari ya Ainabkoi na Silinda Iliyoliwa

Joash alipomwona Kipyego akija na mkoba kwapani, alijua Mungu amemkumbuka. Mwaka huo wa sabini na moja kila mtu Eldoret alikuwa anatafuta shamba, na Kipyego alikuwa dalali wa mashamba. Joash naye alikuwa fundi wa pikipiki, amechoka kupanga chumba kimoja na mke na watoto watano. Alitaka ekari moja tu.

"Mzee, si unatafuta pikipiki ya kupanda milima? Hii nimeichonga silinda mwenyewe. Ni mpya kushinda mpya!" Joash akamwambia, akipapasa pikipiki kuukuu iliyosimama mlangoni.

Ukweli ni kwamba silinda ilikuwa imeliwa mpaka pistoni inacheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye gambuti ya baba. Dawa yake ni kuichonga kwa mashine na kuweka pistoni kubwa zaidi. Joash hakuwa na mashine. Asubuhi hiyo alikuwa amefungua plagi tu, akamimina oili nzito ya gia, akafunga. Injini ikishiba hivyo, kiki ya kuwashia inakuwa ngumu na mlio unapendeza, kwa maili chache. Hata malaika angedanganyika, kama malaika wangekuwa wanapanda pikipiki.

Kipyego akapiga kiki. "Iko na nguvu."

"Kama ng'ombe wa gredi, Mzee."

Wakabadilishana: pikipiki kwa karatasi ya ekari moja Ainabkoi, yenye mhuri wa zambarau.

"Sasa panda nyuma," Kipyego akasema. "Nikuonyeshe mpaka wako."

Hilo Joash hakuwa amelifikiria. Ainabkoi ni mbali. Lakini mtu atakataaje kuonyeshwa shamba lake? Akapanda, na kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, akaomba.

Maombi yalifika maili nane. Mlimani injini ikatoa moshi, ikakohoa, ikanyamaza. Kipyego akatazama nyuma, akaona vumbi la lori.

"Shika hapa, ndugu. Naenda haja kidogo."

Akaingia kwenye mahindi. Kwa mzee wa miaka yake, alitembea haraka sana.

Lori likasimama. Wa kwanza kuruka alikuwa Mama Nangila, mwenye duka la vitambaa, na nyuma yake wanaume sita waliokuwa wameambiwa Kipyego ameshika njia hiyo. Kila mmoja alikuwa na karatasi: ekari ile ile, namba ile ile, mhuri ule ule.

"Wewe ndiye unamtorosha!"

"Mama, mimi pia nimeibiwa! Ona karatasi!"

"Umeibiwa na unabebana naye? Hiyo utaambia polisi. Mpandisheni!"

Ilibaki njia moja tu, kusema ukweli, na Joash hakuwa ameizoea.

"Mimi siwezi kuwa mwenzake! Mimi nilimdanganya! Hii kitu haiwezi kutorosha hata kuku!"

Akatoa spana, akafungua injini hapo hapo barabarani, akiunguza vidole. Akawaonyesha silinda ilivyoliwa, akaitikisa pistoni kwa kidole kimoja. Akaeleza kama mwalimu: oili inamiminwa wapi, kiasi gani, mteja anaambiwa nini. Watu wakaanza kuamini. Mama Nangila akacheka mpaka akashika lori.

"Kumbe Kipyego alipata kiboko yake!"

Joash akapangusa jasho. Amepona.

Ndipo mmoja wa wale sita, Phineas, karani wa posta, akakohoa kidogo. "Fundi, pikipiki yangu ulichonga silinda mwezi uliopita. Ilikufa kabla sijafika daraja la mto Sosiani."

"Yangu ilinifikisha sokoni," mwingine akasema.

Mama Nangila alikuwa ameacha kucheka. "Ya mume wangu ilifika kanisani," akasema, akikunja mikono ya sweta. "Kurudi, tulisukuma."