Mpango wa Kumrudisha Shangazi kutoka Jangwani

Jumatatu, tarehe 3 Novemba

Ujumbe mwingine wa sauti kutoka kwa Shangazi Peris. Leo ni habari za shuka. Ameifua, ameianika, ameingia ndani kutafuta pini, na alipotoka shuka ilikuwa imekauka. Anasimulia kama mtu aliyeshuhudia muujiza. Nyuma yake Restuta anacheka. Restuta hucheka katika kila ujumbe. Sijui anacheka nini.

Niweke mambo wazi, kwa kuwa shajara hii naianza leo na sitaki kujidanganya humu. Shangazi alistaafu unesi mwezi Agosti, baada ya maisha mazima ya zamu. Restuta, nesi mwenzake, mwenyeji wa Bukoba, alistaafu kabla yake na kwenda kuishi Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kwa watu wa marehemu mumewe. Akamwalika Shangazi kwa mwezi mmoja. Tiketi inasema atafika London Jumapili, tarehe 16. Lakini jana Shangazi alitamka neno "Machi". Labda asogeze tiketi hadi Machi, alisema, halafu tuone. Hilo "tuone" ndilo linalonitisha. Watu wazima wa kwetu wakisema tuone, wameshaona.

Mimi nimebaki peke yangu katika fleti yake hapa Wembley. Hili halinisumbui. Tasnifu yangu ya uzamivu inahusu upweke. Sura ya tatu inaitwa "Upweke kama Uhuru". Sijaandika sentensi hata moja tangu aondoke, kwa sababu nyumba ina kimya mno.

Azimio: Shangazi atarudi tarehe 16. Tena atarudi kwa hiari yake. Sitamwomba. Kumwomba mtu ni kumbana. Nitamfanya tu aikumbuke London.

Jumatano, tarehe 5 Novemba

Griffins wa kanisani anasafiri leo kwenda Marsabit, mji wa kupitia kwenda Kalacha, kwa harusi ya dada yake. Kanisani kwetu ukisema unasafiri, mizigo ya watu hukufikia kabla ya tiketi. Nilipofika kwake Hayes nilikuta foleni sebuleni. Mizani ya bafuni ilikuwa katikati ya zulia na Griffins amesimama kando yake kama mtu wa forodha. Kila mtu kilo moja. Mama mmoja alikuwa akimweleza kwamba viatu vya mtoto havihesabiwi.

Mzigo wangu niliufikiria sana. Mwavuli wa buluu ambao Shangazi alienda nao kazini miaka yote. Chupa yake ya mpira ya maji moto, na koti la sufi aliloifumia chupa hiyo mwenyewe. Kikombe chake chenye ufa. Hakuna binadamu anayeweza kushika vitu hivyo mbali na nyumbani asipatwe na hamu ya kurudi. Nilijiona mkatili kidogo.

Griffins alifungua mfuko, kama ilivyo haki ya mbebaji. Akautoa mwavuli. Akautazama, akanitazama. Aliuliza kama najua Kalacha iko wapi. Nikasema najua vizuri. Akauliza, na hii chupa ya maji moto? Nikasema hayo ni mambo ya kifamilia. Kikombe akakikataa, kilizidisha uzito. Nimerudi nacho kwenye basi, mapajani.

Jumamosi, tarehe 8 Novemba

Mzigo uko njiani. Leo, silaha ya pili: mvua. Imenyesha tangu asubuhi. Nimefungua dirisha la jikoni na kuirekodi ikipiga bati la kibanda cha mapipa ya taka. Nilisimama bila kupumua. Rekodi safi kabisa. Mwishoni linapita basi na kurusha maji. Nimemtumia bila neno lolote.

Mshubiri wake, ile aloe iliyo dirishani, una majani ya manjano. Nimeumwagilia tena. Naumwagilia asubuhi na jioni, ili asije akasema sikuutunza.

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Kumekucha na jua. Nimeamua kumchunguza adui. Shangazi anadai kwamba raha kubwa ya mstaafu jangwani ni kuweka kiti kivulini na kuhama na kivuli, kutwa nzima. Ukiuliza kazi nyingine ni ipi, hakuna. Nitaijaribu raha hiyo, nipate kuikosoa kwa haki.

Nimeteremka na kiti hadi uani, nyuma ya jengo. Hapa mambo ni kinyume: kivuli kipo tele, linalotafutwa ni jua. Huingia kati ya majengo mawili kama ukanda, na ukanda huo ni wa Mzee Zulfikar wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa na duka la vitambaa. Hakupewa na mtu. Amekaa tu mpaka ukawa wake. Niliweka kiti kando ya chake. Ukanda ukasogea, akasogea. Nikasogea. Akasogea zaidi, makusudi, naapa. Tulifika ukutani pamoja, magoti yakigusana.

Aliniuliza, kwa adabu, ninafanya kazi gani. Nikasema nachunguza upweke. Alilifikiria jibu hilo, kisha akataka kujua kwa nini basi nimekuja kumkalia mapajani.

Baadaye alinipa chevda, mchanganyiko wake wa karanga na dengu za kukaanga, kutoka kwenye kopo lake. Akasema kiti cha pili pale uani, kile cha kijani kilichojaa maji ya mvua, ni cha Shangazi. Kila kukiwa na jua walikaa hapo. Yeye akisoma gazeti, Shangazi akifuma. Hawaongei. Miaka minne nimeishi na Shangazi na sikujua. Nilidhani anapeleka taka.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba

Maafa.

Mzigo umefika. Shangazi amelia kwa furaha, ila si furaha niliyoiagiza. Mwavuli ameufunga kwenye mgongo wa kiti kwa kipande cha kamba. Anasema sasa hahitaji tena kuhama na kivuli, kivuli kinahama naye. Wazee wa Kalacha wamekuja kuutazama. Chupa ya mpira anaijaza maji baridi ya kisima na kuiweka shingoni adhuhuri. Restuta anaitaka ya kwake. Restuta pia ananiita mtoto mwenye akili kuliko wote London. Alisema hivyo kwa sauti yake mwenyewe, huku akicheka.

Kuhusu mvua. Wanaisikiliza kila jioni. Wanaketi nje baada ya chai, simu inawekwa ndani ya sufuria ili sauti ikue, na majirani wanakuja na vigoda vyao. Bibi mmoja jirani ameuliza kama majani yameshaota huko kwetu. Sehemu ya basi inapendwa zaidi. Wakifika hapo hupiga makofi. Wanaomba ndefu zaidi, yenye radi kama ipo.

Nimekasirika sana. Nimewarekodia ndefu zaidi. Radi haikupatikana.

Jumanne, tarehe 11 Novemba

Nimetafakari. Kosa langu ni kwamba nimekuwa nikionekana mwenye kumhitaji. Mwavuli, mvua, vitu vyote hivyo vinanukia uhitaji. Dawa ni kinyume chake. Mtu akisikia kwamba nafasi yake imezibwa, hukimbia kuja kuiokoa.

Kwa hiyo nimemtumia ujumbe mrefu. Nimemwambia niko vizuri mno. Nimemwambia chumba chake nimekigeuza ofisi, meza nimeiweka pale kitanda kilipokuwa, na kazi inaenda kasi ya ajabu. Nimemwambia wala asiharakishe. Hakuna hata moja lililo kweli. Kitanda kiko palepale, na jana nilikilalia mchana kwa sababu za kiutafiti.

Jibu limekuja kabla sijamaliza tambi zangu za pakiti. Shangazi anamshukuru Mungu. Anasema kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kikimnyima raha, nacho ni kunifikiria niko peke yangu. Sasa moyo umetulia. Ijumaa atawapigia watu wa ndege waisogeze tiketi hadi Machi. Na ile fleti, anasema, ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini tuone.

Tuone!

Nimeumwagilia mshubiri. Shina limelainika kama ndizi iliyoiva.

Alhamisi, tarehe 13 Novemba

Leo amepiga simu yenyewe, si ujumbe. Nilikuwa uani. Jua lilikuwepo kidogo na Mzee Zulfikar alikuwa ameniachia nusu ya ukanda bila vita. Nadhani ananihurumia. Sipendi.

Shangazi alinisimulia chai kwanza. Kwamba anaamka kabla ya jua, anakunywa akitazama mchanga ukibadilika rangi, na hakuna anayemwita kitandani namba yoyote. Kwamba upepo huja alasiri, na watu huacha kuongea ili waupishe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri. Kisha akasema:

"Gakii, mama, nikuulize kitu. Unataka nirudi?"

Nikasema swali hilo lina pande nyingi.

"Halina. Ukitaka, sema, Shangazi rudi. Kesho alfajiri kuna gari la Marsabit, nitapanda."

Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni maelezo kuhusu hiari. Nilisema uamuzi wa mtu mzima haufai kubebeshwa matakwa ya mtu mwingine. Nilisema kustaafu ni hatua ya mtu kujirudishia nafsi yake. Niliitaja sura ya tatu. Niliendelea kwa muda mrefu, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyozidi kushindwa kusimama, kama mtu anayeteremka mlima kwa baiskeli isiyo na breki. Hata Restuta hakucheka.

"Haya, mama," Shangazi alisema. "Kula vizuri."

Simu ikakatika. Mzee Zulfikar alikuwa hajajisumbua hata kujifanya hasikii. Alikunja gazeti lake polepole.

"Beti," aliniambia, yaani binti, "wateja kama wewe ndio walionizeesha dukani."

Kisha akaniomba namba ya Shangazi. Ana jambo la kumuuliza kuhusu sufi, alisema. Nikampa. Sikuwa na nguvu ya kushangaa.

Ijumaa, tarehe 14 Novemba

Nimeshika simu kutwa. Nimeandika "Shangazi rudi" na kufuta. Nimeandika "Shangazi, kuhusu suala la kurudi" na kufuta. Mwishowe nimemtumia picha ya kikombe chenye ufa. Haijapokelewa. Pengine yuko mahali pasipo na mtandao. Pengine yuko kwenye simu na watu wa ndege.

Nimekula tambi nimesimama. Nimeandika sentensi moja ya sura ya tatu, kisha nikaisoma, nikaifuta.

Jumapili, tarehe 16 Novemba

Mvua kubwa. Kengele ya mlango ililia asubuhi nikiwa na soksi mguu mmoja. Nikafungua. Shangazi Peris, amelowa kuanzia kichwani hadi kwenye sanduku. Mwavuli kaacha Kalacha, kwenye kiti.

Nilikuwa na sentensi. Nimekuwa nikiiandaa tangu Alhamisi, ya maneno machache, nzuri sana. Nilifungua mdomo nikamwambia mshubiri umekufa.

Alisema anauona. Kisha akanikumbatia na maji yake yote, na nikamshika muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Maelezo yalikuja na chai. Mzee Zulfikar alimpigia Alhamisi jioni. Hakuuliza lolote kuhusu sufi. Shangazi anasema simu ilikuwa fupi kuliko salamu. "Peris, rudi," alimwambia. "Mtoto anakula tambi za pakiti, na kiti chako kimejaa maji." Asubuhi yake akapanda gari la Marsabit.

Nimelichambua jambo hili kwa utulivu. Ni dhahiri kwamba mwavuli ulifanya kazi. Ulichukua muda, lakini ulifanya. Mvua nayo ilichangia. Mzee Zulfikar alisukuma tu mlango ambao nilikuwa nimeshaufungua.

Shangazi alikwenda chumbani, akarudi akauliza meza ya ofisi iko wapi. Nikasema nimeihamisha. Hakuuliza zaidi. Alikinywea chai kile kikombe chenye ufa, akasogeza kiti dirishani na kuisikiliza mvua, macho amefumba, miguu ameinyoosha, vilevile nadhani kama alivyokuwa akikaa kule. Akatoa simu, akairekodia Kalacha. Radi ikapiga. Akafurahi kama aliyepata zawadi.

Halafu, bila kugeuka, akasema kwamba Februari, baridi ikizidi hapa, atakwenda tena kwa wiki chache. Restuta ameshatafuta kiti cha tatu. Ni changu. Wamekiweka upande wa mashariki, pale pa chai.

"Utakuja?"

Nataka kwenda. Nataka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nataka kuianika shuka na kuikuta imekauka. Nataka kumwona Restuta akicheka na nijue anacheka nini.

Nikamwambia nitalifikiria.

Nimefanya vizuri. Mtu hawezi kukubali mara ya kwanza, ataonekana anahitaji. Kuanzia kesho nitaonyesha kwamba sitaki kabisa. Nitanunua koti zito la Februari na kulitundika mahali atakapoliona. Ataniomba tena, kwa nguvu zaidi, na hapo nitakubali.

Mpango nimeshauandika wote. Sioni unavyoweza kushindwa.