Wageni wa Annastella

Alhamisi, 19 Juni 2025. Bukoba.
Jirani yetu Najibu amewapeleka wanawe kisiwani kwa boti. Boti! Binti yangu Bosibori ameisimulia habari hiyo kutwa nzima. Mdogo wake, Nyakundi, ambaye hata kufunga viatu hajui, ameuliza kama sisi hatupandi boti kwa sababu ni Wakenya. Nimeumia. Tangu tuhame Kisii nije kufundisha hesabu hapa, Najibu ananitangulia kwa kila kitu. Nimetangaza mezani: Jumapili tunakwenda Kamachumu! Mke wangu, Kemunto, akauliza Kamachumu kuna nini. Nikamwambia angoje aone. Sijui kuna nini.

Ijumaa, 20 Juni.
Nimemnunulia Nyakundi mpira mwekundu wa safari. Amelala nao. Kemunto alitaka kupika chakula cha kubeba. Nimekataa. Mtalii habebi sufuria. Mwalimu mwenzangu Wilbert ameniazima gari lake. Alitaka kunielekeza njia pia. Nikamwambia mimi ni mwenyeji sasa, sielekezwi.

Jumapili, 22 Juni.
Aibu. Aibu tupu. Naandika nikiwa jikoni kwa sababu chumbani sitakiwi.

Njia panda ya Kamachumu niliipita. Kemunto aliiona. Nilimwambia ile ni ya malori. Mchana ukatukuta Ijumbi, migomba kushoto, migomba kulia, watoto wanalia njaa, hoteli hakuna. Ndipo nikaona maturubai na kusikia muziki. Na harufu ya pilau! Nilisimama kuomba maji tu. Naapa. Bwana mmoja mwenye utepe kifuani akasikia lafudhi yangu, akaja mbio.

“Nyinyi ndio wageni wetu kutoka Kenya?”

Sasa, mimi natoka Kenya. Nikasema ndiyo.

Kemunto alinifinya paja, lakini mlango wa gari ulikuwa umeshafunguliwa.

Ilikuwa sherehe ya komunio ya kwanza ya msichana aitwaye Annastella. Sisi Wasabato tukaketishwa meza ya mbele, karibu na katekista. Ebitoke, yaani ndizi za kupikwa, samaki, kuku. Watoto wakala kama wamefunguliwa kutoka kizuizini. Kisha bibi yake Annastella, Mama Kokugonza, akaja kutusalimia kwa kupiga magoti. Mwanamke wa umri wa mama yangu! Akanishukuru kwa kutomsahau marehemu mwanawe, Ildefons, ambaye eti nilifanya naye kazi Mombasa. Nilikuwa na paja la kuku mdomoni. Nikatikisa kichwa kwa huzuni.

Ningesimama pale pale niseme kweli. Sikusimama.

Annastella mwenyewe akaja, gauni jeupe, shada kichwani. Akanong'ona: “Baba alikuwa anapenda nini huko?”

Macho yangu yakaangukia mapajani pa Nyakundi.

“Mpira,” nikasema. “Alipenda sana mpira.”

Alitabasamu! Akakimbia kuwaambia wenzake.

Zawadi zikafika. Mshereheshaji akamwita mgeni kutoka Kenya. Mikono mitupu. Nilifanya nini? Nilimnyang'anya mwanangu mpira, nikapanda jukwaani, nikasema Ildefons angetaka iwe hivi. Watu wakapiga vigelegele. Nyakundi akapiga kelele kuwashinda wote: “Wangu! Baba, mpira ni wangu!”

Wakati huo huo gari lenye namba za Kenya likaingia uani. Akashuka mzee mnene, Bwana Uledi wa Mombasa, mgeni halisi, akiteremsha baiskeli. Muziki ukazimwa. Annastella akamwuliza, mpira kifuani, kama ni kweli baba yake aliupenda.

“Ildefons? Mpira hata kuutazama hakutaka,” akajibu. “Alipenda kupika. Alitupikia sote.”

Annastella akashuka jukwaani, akampa Nyakundi mpira wake. Mimi hakunitazama.

Nilingoja kufukuzwa. Mama Kokugonza akaja, safari hii bila magoti, akawafungia watoto chakula katika majani ya migomba.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “ungesema tu mna njaa. Nani angewanyima, jamani, waitu?”

Heri angenipiga.

Jumatatu, 23 Juni.
Kemunto anazungumza nami kupitia Bosibori. Bosibori ameuliza nilimjuaje baba wa yule msichana. Nimemtuma chumvi dukani. Nimemwapia Mungu: sidanganyi tena maishani.

Jioni Najibu aliuliza safari ilikuwaje. Nikamwambia tulialikwa komunio. Meza ya mbele. Hotuba nilitoa mimi. Hakuna uongo hapo! Amekwenda zake bila kutaja boti. Utamu ulioje!

Jumatano, 25 Juni.
Wilbert anasema Jumapili kuna sherehe kubwa Buganguzi, na ukoo wa bwana harusi una ndugu wa Uganda ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Nimeanza kujifunza Kiganda. Maneno ya kusalimia tu.