Lalamiko Dhidi ya Tairi Zisizopata Pancha

Chamazi,
Jumatatu, 16 Juni 2025

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Baiskeli za Jumamosi, Chamazi.

Ndugu Mwenyekiti, mzee wangu Hashil, shikamoo.

YAH: MADHARA YA TAIRI MPYA KWA MWANACHAMA

Mimi ni mzima, na baiskeli yangu pia ni nzima. Hilo la pili ndilo linalonifanya niandike.

Mwezi Februari klabu iliamua kila mwanachama afunge zile tairi ngumu, zenye utando mzito ndani ya mpira, ili safari yetu ya kila Jumamosi kwenda Kigamboni isikatizwe na pancha. Ulitueleza kwamba zinapunguza mwendo kidogo, ila hazitoboki ovyo. Nami nilinyoosha mkono. Leo, kwa heshima zote, nawasilisha malalamiko yafuatayo.

1. Tairi hizi ni nzuri kupita kiasi. Nimezipitisha juu ya vioo vya chupa pale Rangi Tatu, juu ya zile nyaya nyembamba zinazoachwa na tairi za malori zikipasuka njia ya Kongowe, na, kwa ajili ya utafiti, juu ya tawi la mchongoma. Hakuna kilichotokea. Kwa mujibu wa shajara yangu, pancha ya mwisho niliipata tarehe 15 Februari. Siku hiyo nimeiandika "siku njema".

2. Pancha zilikuwa na kazi. Pale Kibada, kwenye nyumba yenye geti la bluu, anaishi Kokuberwa, mwalimu wa hisabati, pamoja na shangazi yake Tekla. Mwanamume mwenye adabu hawezi kubisha hodi kwa watu akasema amekuja kumtazama binti. Lakini mwenye pancha anabisha nyumba yoyote na kuomba beseni la maji, azamishe tyubu aone mapovu yanatokea wapi. Pancha yangu ya kwanza getini pale ilikuwa ya kweli kabisa. Zilizofuata nazo zilikuwa za kweli, ila nilizisaidia kwa kuchagua upande wa barabara.

Kokuberwa alikuwa akizamisha tyubu mwenyewe. "Lile pale, Gaudens! Shika hapo hapo, usiachie!" Nami nilishika. Kisha tunapaka solusheni, tunakaa kusubiri ikauke ndipo tubandike kiraka. Solusheni haitaki haraka, Mwenyekiti. Katika kusubiri huko nilijua anachekeshwa na nini, naye akajua kwa nini niliacha kazi bandarini. Shangazi naye alipita na ufagio akauliza, "Wewe baba, hii baiskeli inaumwa, au inatumwa?"

3. Sasa napita tu. Kanuni ya klabu inasema asiye na pancha asisimame. Jumamosi moja ya mwezi Mei Kokuberwa alikuwa amesimama getini, beseni limejaa maji miguuni pake. Nikapunguza mwendo. Hudhaifa, aliyekuwa nyuma yangu, akapiga kelele: "Braza, kanyaga! Unakufa au unapumzika?" Nikakanyaga. Tulipita kama gari la wagonjwa.

4. Nafasi niliyoiacha haikukaa tupu. Yupo Wilfred, muuza mayai, ambaye si mwanachama wetu, na tairi zake zimelika hadi nyuzi zinachungulia. Huyu hupata pancha anapotaka. Nimemwona kwa macho yangu amekalia kigoda nilichokuwa nakalia mimi, trei zake za mayai amezipanga kivulini kama mtu aliyehamia.

5. Juzi Jumamosi nilijaribu kujitetea. Nilichukua msumari wa inchi tatu nikaugongea kwenye tairi ya nyuma. Ukapinda. Basi nilipokaribia Kibada nikafungua vali, upepo ukatoka, nikabisha hodi. Kokuberwa akazamisha tyubu, akaizungusha yote, akarudia tena. Maji yametulia, hakuna hata povu moja. Shangazi akainama, akatazama, akasema, "Baba, hii haina tundu. Labda tukuzamishe wewe." Wilfred alicheka hadi akashikilia trei. Kokuberwa hakucheka. Alifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani.

Mwenyekiti, unaona tairi zilivyonifikisha. Umri wangu si wa kuanza kutafuta geti lingine.

Kwa hiyo naomba: tairi hizi zipigwe marufuku, angalau gurudumu la nyuma. Ikishindikana, klabu itambue rasmi kwamba mwanachama anaweza kupata pancha ya moyoni, na asimame. Hilo nalo likishindikana, uandike barua yenye muhuri kwenda kwa shangazi, umthibitishie kwamba mimi ni mtu wa pancha wa muda mrefu na mwenye tabia njema. Mwisho, manispaa iombwe isifagie barabara kuanzia Kongowe hadi Kibada mpaka suala langu litakapomalizika.

Wasalimie mkeo Bi Wahiba, mwanao Aya, na wanachama wote niliowataja na nisiowataja. Msalimie hata Hudhaifa.

Ni mimi mwanachama wako, ninayeendelea kupita bila kusimama,

Gaudens

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Kokuberwa amenitumia ujumbe. Nanukuu: "Mie nilijua toka getini haina tundu. Nilinyamaza nisikuaibishe mbele ya yule wa mayai. Kila Jumamosi nilikuwa nalijaza beseni, wewe unapita tu. Shangazi anasema amechoka na tyubu, kama una neno ulete mtu mzima Jumapili, baada ya ibada." Wazee wangu wote wako Rombo. Naomba mshenga uwe wewe, Mwenyekiti, na twende kwa baiskeli. Shangazi hapendi wachelewaji, kwa hiyo zile tairi ngumu zibaki, mbele na nyuma, kwako na kwangu. Siku hiyo sitaki pancha hata ya dawa.